Kope za Chini

Picha ilikuwa inakataa kufutika. Mpiga picha wa kituo cha vitambulisho, ambaye wote walimwita Mama Tazama-Hapa kwa sababu hayo ndiyo maneno aliyoyasema kutwa nzima, alipitisha brashi ya kompyuta chini ya macho ya bibi aliyekuwa kwenye skrini. Vifuko viwili vikubwa vikalainika. Alipoinua kidole, vikarudi vilevile, vimetuna kama mito ya kochi.

Bibi mwenyewe alikuwa amekaa kwenye kiti mbele ya pazia jeupe, mkoba mapajani, amechoka kuitwa na kuambiwa asubiri. Mashine ilikuwa imeshaikataa sura yake asubuhi nzima. Kila ikipigwa picha, maandishi mekundu yalijitokeza: IDADI YA MACHO HAIKUBALIKI.

"Inasema nini?" bibi akauliza.

"Inasema upuuzi, bibi. Imenunuliwa kwa zabuni."

Kanuni zilikataza kabisa kugusa sura ya mwananchi. Kwa mujibu wa kanuni, sura ni mali ya mwananchi hadi kitufe kinapobonyezwa. Baada ya hapo ni mali ya serikali, na mali ya serikali haipakwi rangi bila kibali. Lakini foleni ilikuwa imefika mlangoni na mtu mmoja huko nje alikuwa ameanza kuimba kwa hasira.

"Nikupunguzie kidogo hapa chini ya macho? Mashine inauogopa uvimbe wako."

"Ukiweza, haya. Mimi nimeshindwa miaka yote. Lakini usije ukasema nilikuomba."

Mama Tazama-Hapa akafuta tena, safari hii kwa kukandamiza, kama mtu anayesugua sufuria iliyoungua. Vifuko vikatoweka. Chumba kikanuka ghafla kitambaa kibichi kilichosahaulika ndooni, na karibu sana na sikio lake pakasikika mlio mdogo wa unyevu, kama midomo mikavu inayoachana. Akageuka. Hapakuwa na mtu.

Mashine ikakubali. Bibi alisimama, akajigusa uso, akapiga mwayo mrefu wa mtoto mchanga. "Leo nitalala," akasema, na akaondoka bila kuaga.

Asubuhi iliyofuata Mama Tazama-Hapa alijitazama kwenye kioo cha bafuni akadhani kioo kimepinda.

"Mke wangu," mumewe akasema mezani, "nani kakupiga ngumi, tena kwa usawa, pande zote mbili?"

Mumewe alikuwa fundi friji, na alimpenda mkewe kwa namna ya mafundi: alitafuta hitilafu ilipo. Akamshauri maji mengi. Mama Tazama-Hapa akanywa maji mengi, akapunguza chumvi, akainua mto, akaacha chai ya jioni. Akanunua krimu ambayo boksi lake lilikuwa na picha ya msichana ambaye ni dhahiri hakuwahi kuwa na tatizo lolote maishani. Vifuko vikaongezeka.

Kliniki walimpima figo, wakampima tezi, wakamuuliza kama ana mzio wa vumbi. Vyote vilikuwa salama. Daktari alikunja karatasi za majibu, akatabasamu.

"Kwa kawaida ni umri, au ni ya kurithi, au ni uchovu. Unalala lakini?"

"Nalala kama gogo, daktari. Naamka kama nimebeba hilo gogo."

"Jaribu kulala."

Alitoka pale akitamani kuuma kitu. Kila mtu alikuwa na swali lile lile. Mlinzi getini: unalala lakini? Mwenye duka: unalala lakini? Wifi yake alikuja na tango zima kwenye mfuko, akalikata vipande na kumpa avibandike, na hata yeye hakujizuia.

"Wifi, kaka yangu anakunyima usingizi? Sema, nimseme mimi."

"Kaka yako anakoroma mapema kuliko kuku. Niache."

Asubuhi aliviokota vile vipande vya tango kwenye mto wa kulalia. Vilikuwa vimekauka kama ganda la kitunguu, na katikati ya kila kimoja palikuwa na ufa mwembamba, wa kulala, ulionyooka. Mifuko ya majani ya chai iliyolowekwa na kupozwa ikafanya hivyo hivyo. Ndipo mumewe akaleta vijiko viwili kutoka kwenye friji aliyoitengeneza kwa mikono yake, vikiwa na baridi ya kuuma vidole, na mkewe akavilaza chini ya macho. Baada ya muda mfupi akavitupa sakafuni kwa yowe. Fundi alikiokota kimoja, akakiachia.

"Kina moto," akanong'ona. Alionekana kuumia zaidi kwa ajili ya friji. "Ile friji haina kasoro. Nimeijaza gesi mwenyewe."

Kazini mambo yaliharibika. Vifuko vilikuwa vikipanda, vikiyasukuma macho yake juu, na dunia yake ikawa ufa. Alianza kukata watu vipaji vya nyuso kwenye picha. Alimpiga picha mtu na mkono wa mtu mwingine. Mpiga picha asiyeona hana hata pa kuanzia kujitetea, na mkuu wa kituo, aliyeitwa Bwana Kanuni nyuma ya mgongo wake na wakati mwingine mbele, alimwita ofisini.

"Mlinzi analalamika. Sura iliyo kwenye kitambulisho chako cha kazi si hii unayokuja nayo."

"Ndiyo niliyo nayo, bosi."

"Sasa uje na ile iliyoidhinishwa, au upigwe picha mpya. Mimi sina la tatu. Na hizi picha zako zilizopinda zikiendelea hadi mwisho wa mwezi, nitalazimika kumwomba mtu mwenye macho. Unalala lakini?"

Siku ya mapumziko, mchana kweupe, Mama Tazama-Hapa alisinzia kwenye kochi. Fundi alikuwa sakafuni anafungua mota ya friji ya jirani. Dirisha lilikuwa wazi, watoto walikuwa wanagombana nje juu ya mpira, na harufu ya kitambaa kibichi ilipoanza kuja alidhani ni mota. Akainama akainusa. Haikuwa mota. Akasikia ule mlio mdogo wa unyevu, midomo mikavu inayoachana, halafu tena, akainua uso, na alichokiona ni mkewe amelala chali, macho yake amefumba vizuri, pumzi inakwenda polepole, na chini ya macho hayo vile vifuko vinatetemeka kama utando wa maziwa yanapokaribia kuchemka, vikitetemeka na kutulia na kutetemeka, mpaka kwenye kila kimoja ukaonekana mstari ambao daima alidhani ni kunyanzi, na mstari ukalegea, ukaachana, ukafunguka kutoka pembeni kwenda katikati bila haraka yoyote, kama mtu anayeamka siku ambayo haendi kazini, na ndani mkawa na jicho lenye maji, la rangi ya kijivu, na la pili, na yote mawili yakazunguka chumba, yakapita kwenye dirisha, yakapita kwenye friji, yakafika kwake, yakatulia.

Bisibisi ikamtoka mkononi. Mkewe akashtuka, akafumbua macho, na yale ya chini yakafumba.

"Nini?" akauliza kwa usingizi.

"Mke wangu," fundi akasema kwa sauti iliyobaki kidogo sana, "wewe unalala. Anayeamka ni mwingine."

Alipokwisha kusimulia ile harufu na ule mlio, mkewe akamkumbuka bibi wa picha iliyokataa kufutika, na wote wawili wakajua pa kwenda. Kutafuta anwani ya mwombaji bila kibali nako kulikatazwa. Mama Tazama-Hapa aliitafuta kesho yake kabla ya saa ya chai.

Bibi aliwafungulia mlango akiwa na alama ya mto shavuni. Alikuwa amenenepa. Chini ya macho yake ngozi ilikuwa laini kama ya bibi harusi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, wanangu." Alimtazama mpiga picha, akashusha pumzi. "Aa. Kwa hiyo ni wewe."

Aliwakaribisha ndani na akazungumza kwa sauti ya chini, akiangalia mikono yake. Yule, alisema, ni jini asiye na uso. Anaazima. Mchana anahitaji mahali pa kufumba macho, na akishakomaa anakuwa anayafumbua kila mwenye uso anapolala. Usingizi wa mwenyeji unamwishia yeye.

"Anatazama nini?" fundi akanong'ona.

"Ningemuuliza saa ngapi, na mimi nimelala?"

"Na dawa zote hizi? Matango, vijiko?"

"Nani alikuwa anaziweka?"

"Mimi mwenyewe," akasema Mama Tazama-Hapa.

"Basi. Anauhamia mkono unaomfuta. Ukijifuta mwenyewe, anatoka kwako anarudi kwako, tena na hasira. Mimi nilimtoa kwa dada yangu. Nilikuwa nampaka dawa, nikasugua sana, si unajua ukimhurumia mtu. Wewe ulisugua picha. Kumbe naye ameendelea na zama."

Mama Tazama-Hapa akasema, taratibu, "Bibi, si ungenifuta basi. Arudi alikozoea."

"Mwanangu, nakupenda. Sikupendi kiasi hicho."

Fundi alikuwa ameshainua kiganja, amekielekeza kwenye uso wa mkewe. Mkewe alikipiga kofi kikashuka.

"Wewe unashika umeme na unapanda ngazi," akamwambia. "Ukisinzia mara moja tu nitakuzika. Usiniguse usoni. Hata kunibusu, hapa, hapana."

Njia nzima ya kurudi Mama Tazama-Hapa alikuwa na hasira na bibi, na mashine, na huruma yake mwenyewe iliyomtia balaani kwa sababu ya foleni. Aliazimia kukaa na mgeni wake mpaka macho yazibike kabisa. Hakuna mtu aliyemjua ambaye angeweza kumpa kitu kile.

Hakumfikiria Bwana Kanuni, ambaye hakumpa nafasi ya kufikiri. Asubuhi iliyofuata alimkuta studio, ameshika kamera kwa vidole viwili kana kwamba inanuka.

"Kaa. Leo tunamaliza suala la kitambulisho chako."

Akakaa kwenye kiti cha wateja. Bosi akabonyeza. IDADI YA MACHO HAIKUBALIKI. Akabonyeza tena, akaitukana mashine kwa lugha ya kiofisi, kisha akakaa kwenye kompyuta na kushika kipanya.

"Bosi, usifute."

"Huu uvimbe unaharibu taswira ya kituo."

"Kanuni inakataza."

"Inawakataza wapiga picha. Mimi ni mkuu wa kituo."

Mama Tazama-Hapa alisimama akamshika mkono, jambo ambalo halikuwahi kutokea ofisini humo. "Bosi, nakuomba kwa heshima zote. Si uvimbe. Kuna mtu. Ukimfuta atakuja kwako. Nimekuambia."

Bwana Kanuni alimtazama kwa upole wa mtu anayefikiria likizo ya ugonjwa, akauondoa ule mkono, na akafuta. Alikandamiza. Chumba kikanuka kitambaa kibichi.

Mama Tazama-Hapa alilala tangu aliporudi nyumbani hadi asubuhi. Mumewe alikaa pembeni yake akimlinda, na kope zilizofunguka alfajiri zilikuwa mbili tu.

Bwana Kanuni alivumilia wiki kadhaa na miwani myeusi, ambayo ilikatazwa ofisini na waraka alioubandika yeye mwenyewe. Siku moja akamwita Mama Tazama-Hapa, akafunga mlango, akavua miwani. Uso wake ulikuwa umevimba hadi pua ilionekana imezama.

"Nipige picha," akanong'ona. "Halafu unifute."

Alipokuwa anasema hivyo usingizi ulimpitia, kichwa kikaanguka kidogo, na kwenye vile vifuko ngozi ikalegea, na macho ya kijivu yakafunguka hapo mchana, mezani, juu ya muhuri na kalamu, yakamtazama Mama Tazama-Hapa kama yanavyotazama macho ya mtu aliyekuona ukivua nguo. Akarudi nyuma hatua moja.

"Siruhusiwi, bosi. Ni kanuni."

Bosi akazinduka. "Nani anaruhusiwa?"

"Makao makuu."

Bwana Kanuni akaiamini kanuni mpaka mwisho. Alituma picha yake makao makuu, na maombi yakapanda ngazi, na kila ofisi ikayasukuma kwa ofisi ya juu kwa kuwa hakuna aliyetaka kuwa wa kufuta. Ikapita miezi. Siku moja bosi akaja kazini bila miwani, ana sura ya kijana, anasalimia watu kwa majina. Mama Tazama-Hapa hakuuliza ombi lilifika kwa nani.

Alimwona kwenye televisheni. Mkurugenzi mkuu alikuwa anaelezea mafanikio ya idara.

"Maskini mkubwa huyu," fundi akasema, amenyoosha miguu. "Ona alivyovimba macho. Halali."

Mkurugenzi akainamisha macho kusoma karatasi yake, na alipokuwa ameyainamisha, chini yake kitu kikafunguka. Mama Tazama-Hapa akazima televisheni.

"Mbona umezima?"

"Imekwisha."

Kesho yake, kabla ya mteja wa kwanza, Bwana Kanuni alikuja studio mbio, uso wake laini unang'aa kwa heshima.

"Simu kutoka juu! Mkurugenzi mkuu anakuja, yeye mwenyewe. Anataka picha mpya, na anakutaka wewe tu. Amesema umfanyie kama ulivyomfanyia yule bibi." Akakunja uso. "Bibi gani?"

Mama Tazama-Hapa alikuwa ameshika kamera. Akaiweka mezani kwa uangalifu. "Bosi, mwambie kanuni hairuhusu."

"Kanuni?" Bwana Kanuni akacheka, kwa mara ya kwanza tangu amjue. "Mama, anayezisaini ni yeye."

Nje gari lilizima injini. Mlango ukafunguka, na harufu ya kitambaa kibichi ikamtangulia mgeni ndani ya chumba.

"Tazama hapa," akasema mgeni, kope zake za juu zimefumba, za chini zimefunguka.