Shanga Si Miraa

Naitwa Kananu. Naishi karibu na Laare, kwenye vilima vya Nyambene. Mume wangu anaitwa Mwongera. Mtoto wetu wa kwanza ni Kendi, kwa hivyo watu hutuita Mama Kendi na Baba Kendi.

Mwongera hufunga miraa, vile vijiti vibichi vya kutafuna. Kazi hiyo anaijua. Anapanga vijiti, anavikaza kwa kamba ya mgomba, kisha anafunika bunda lote kwa jani bichi. Laare nzima sijaona anayemshinda. Shida yake ni moja tu. Anafikiri kila kitu duniani kimeumbwa ili kifungwe ndani ya jani.

Mimi natunga shanga. Natengeneza mikufu, bangili na heleni. Nikivaa heleni zangu kanisani, wanawake huniuliza nimezitoa wapi. Lakini sokoni hawaniulizi kitu.

Mwezi uliopita, kikundi chetu cha wanawake kilipewa meza ndani ya banda jipya la soko. Mwenyekiti wetu, Mama Ntinyari, alinipa nusu ya meza iliyo karibu na mlango. Nilifurahi sana. Miaka yote nilikuwa nauza chini, kwenye vumbi. Mvua ikinyesha, nakimbia na mali yangu kifuani.

"Lakini nusu meza si urithi, Kananu," Mama Ntinyari akaniambia. "Nakupa siku tatu za soko. Wateja wasipokuja, nafasi inaenda kwa Kawira. Yeye ana vitunguu, na vitunguu vinanunuliwa kila siku."

Siku ya kwanza nilimwaga mapambo yangu yote mezani, juu ya leso yenye maua makubwa. Nilidhani rundo kubwa litavuta macho. Wapi! Shanga zilipotelea ndani ya maua ya leso. Wanawake walichakura kama wanaochagua maharagwe. Mikufu ilishikana. Mama mmoja alivuta mkufu kwa nguvu, ukakatika, shanga zikaruka hadi chini ya meza. Akaniangalia kana kwamba kosa ni langu, akaenda zake. Niliuza bangili moja tu, tena kwa shangazi yangu. Najua aliinunua kwa huruma.

Nyumbani nilimweleza Mwongera. Afadhali ningemweleza mbuzi.

"Tatizo nimeliona," akasema. "Unaziacha wazi. Kitu kizuri hakiachwi wazi, Mama Kendi. Kinachomwa na jua, kinashikwashikwa na kila mtu. Kitu kizuri kinafungwa."

"Baba Kendi, hizi ni shanga."

"Wewe niachie mimi."

Sikumwachia. Nilinyamaza tu, siku iliyofuata nikaenda mazoezi ya kwaya. Kumbe kwake yeye, mke akinyamaza amekubali.

Siku ya pili ya soko nilibeba kiondo changu hadi mezani. Nikakifungua. Nikakuta mabunda. Mabunda thelathini, yote yamefunikwa kwa majani mabichi ya mgomba, yamekazwa kwa kamba, yamepangwa kwa mstari. Yalikuwa yamefungwa vizuri, sikatai. Nilihisi hasira ikinipanda hadi masikioni.

Niliyaweka mezani ili nianze kufungua. Kabla sijafungua hata moja, vijana wawili wa bodaboda wakasimama.

"Mathee, hii ni ya leo?"

"Ya leo nini?"

"Miraa. Tuuzie moja, ile laini."

"Hii si miraa. Ni heleni."

Walicheka hadi wakashikana mabega. Mmoja alichukua bunda, akalifungua, akatoa heleni za samawati. Akazining'iniza mbele ya macho yake.

"Sasa hii nitatafuna aje?" akauliza.

Hadi saa sita walikuja wanaume kumi na wanne kutafuta miraa. Niliwahesabu, maana sikuwa na kazi nyingine. Mwanamke hakuja hata mmoja. Nani atatafuta heleni mahali wanaume wanapochungulia majani? Nilipomaliza kufungua, nikaona hasara nyingine. Utomvu wa mgomba ulikuwa umeacha madoa ya kahawia kwenye nyuzi nyeupe. Waya za heleni zilikuwa na unyevu, na baadhi zilianza kubadilika rangi.

Kawira alipita akiwa na gunia lake la vitunguu. Aliipima tu meza yangu kwa macho.

Nilipofika nyumbani nilipiga kelele. Nasema ukweli. Nilimwambia Mwongera maneno ambayo mama wa kwaya hafai kuyasema. Naye akajibu kwa sauti, eti mimi sina shukrani, eti alikaa saa tatu nzima akifunga. Jirani yetu Angeline alitusikia, akaja hadi mlangoni. Angeline hufundisha kazi za mikono kwenye chuo kimoja kule Kaaga, mjini Meru. Mwisho wa wiki hurudi nyumbani.

"Hodi! Kuna mtu anauawa huku?"

"Bado, Mwalimu," nikamjibu. "Karibu ndani."

Nilimwonyesha majani na heleni zenye madoa. Alijaribu sana asicheke, nami niliona jinsi alivyojaribu.

"Baba Kendi," akasema, "miraa inafungwa kwa nini?"

"Isikauke."

"Na shanga zinakauka?"

Mwongera akajikuna shingo. "Hapana."

"Mtu wa miraa anajua anachotaka hata kabla ya kufika. Mtu wa heleni hajui. Lazima aone kwanza. Akiona, anajifikiria akiwa amezivaa. Hapo ndipo anaingiza mkono kwenye mkoba. Kwa hivyo kila pambo lionekane, likae peke yake, na likae vile linakaa mwilini."

"Sasa mimi nitatoa wapi zile vitu za vioo za maduka ya mjini?" nikamwuliza. Nilikuwa nimechoka na ushauri. "Siwezi kununua."

"Nani amekwambia ununue? Nitafutie katoni, kitambaa cheusi kilichochakaa, na chupa tupu za plastiki. Kesho tukitoka kanisani tuanze."

Kesho yake nilipika gundi. Nilikoroga unga wa ngano kwenye maji, nikaupika kwa moto mdogo hadi ukawa mzito kama uji. Tulibandika vipande viwili vya katoni pamoja ili viwe vigumu. Tukavilaza juani chini ya jiwe hadi vikauke kabisa.

"Gundi ikibaki mbichi, katoni itaota ukungu," Angeline alituambia.

Juu ya katoni alichora umbo la shingo na mabega, akalikata kwa kisu. Nilitoa sketi yangu nyeusi ya zamani tuitumie kufunika.

"Kwa nini nyeusi?" nikamwuliza. "Kama matanga!"

"Weka mkufu uone."

Niliweka. Sikuwa nimejua kwamba nyekundu yangu ni nyekundu hivyo. Ile leso ya maua ilikuwa imenipiga vita siku zote.

Mwongera alikuwa amekaa pembeni akinuna. Alipoona navuta kitambaa kinakunjamana, alishindwa kuvumilia. Aliniondoa, akakivuta, akakikaza kwa nyuma, akakifunga. Hakukuwa na mkunjo hata mmoja. Nilitaka kumsifu. Nikageuka kuchukua mkasi, na nilipomrudia, alikuwa anafunika mkufu wangu kwa karatasi ya plastiki.

"Vumbi isiingie," akasema.

"Baba Kendi!" mimi na Angeline tukasema kwa pamoja.

Akaitoa. Tukaongeza mguu wa katoni nyuma ili umbo lisimame, na tukakata mwanya mdogo kila upande wa shingo ili mkufu usiteleze, kisha tukatengeneza mengine kama hilo. Kwa bangili tulijaza mchanga kwenye chupa za plastiki zisianguke, tukazivika kitambaa, na bangili zikapangwa juu yake kama kwenye mkono. Kwa heleni, Mwongera alichukua wavu uliobaki kwenye banda la kuku, akausugua kwa maji na sabuni, akaupigilia kwenye fremu ya picha iliyovunjika kioo. Ncha zote za waya alizikunja kwa koleo ili zisimkwaruze mtu. Heleni zikaning'inia, kila jozi mahali pake.

Mwisho Angeline alisema jambo lililonikasirisha.

"Weka mikufu minne tu mezani."

"Minne! Mwalimu, nimetunga ishirini na sita!"

"Mingine ikae kwenye kiondo. Mmoja ukiuzwa, toa mwingine. Ukijaza meza, jicho halijui litue wapi. Na usisahau kioo cha kujitazama."

Siku ya tatu ya soko nilifika mapema na Mwongera. Tulipanga kreti mbili za nyanya upande wa nyuma, tukazifunika kwa kitambaa cheusi. Maumbo ya mikufu yakakaa juu yake, karibu usawa wa macho ya mtu aliyesimama. Chupa za bangili zikakaa mbele, pamoja na fremu ya heleni na kioo. Tuliegemeza mawe nyuma ya maumbo kwa sababu ya upepo. Gunia la plastiki nililiweka karibu, maana katoni na mvua ni maadui.

Mama mmoja alikuwa anapita haraka na sukuma wiki yake. Alisimama, akarudi nyuma hatua mbili.

"Huu mkufu, naweza jaribu?"

Alijaribu, akajitazama kwenye kioo, akalipa. Nikatoa mkufu mwingine kwenye kiondo, nikauweka pale pale. Wakaja wasichana watatu wa saluni. Akaja mwalimu aliyetaka bangili za mabinti zake. Walipoona wenzao wamesimama, wengine nao wakasimama. Hakuna aliyechakura. Walionyesha kwa kidole tu, "ile, ile ya juu." Mwongera aliyekuwa anataka kufunga kila kitu sasa alikuwa anawaambia watu, "Ona kwanza, mama. Ona bila haraka."

Saa sita Mama Ntinyari alifika na Kawira. Kawira alikuwa na gunia lake tayari. Mama Ntinyari ilibidi aombe njia ili afike mezani.

"Sasa Kananu," akaanza, "tulikuwa tumesema siku tatu..."

Akatazama watu. Akatazama meza. Hakumaliza. Akageuka kumtafuta Kawira.

Kawira alikuwa ameshusha gunia chini na kuinama mbele ya kioo. Sikio moja lilikuwa na heleni ya kijani, jingine nyekundu.

"Kawira, tumekuja kwa mambo ya hii nafasi," Mama Ntinyari akamwambia.

"Ngoja kidogo, Mama," Kawira akajibu bila kugeuka. Aligeuza kichwa kushoto, kisha kulia. "Kwanza niambie ukweli. Ni gani inanipendeza zaidi?"

Alinunua jozi zote mbili. Kisha akajitwika vitunguu vyake na kwenda kutafuta meza nyingine.