Kitabu cha Mchimba Kisima

Msimu wa korosho ulikuwa umepamba moto Chiungutwa. Wanunuzi binafsi walipita vijijini na mizani zao tangu asubuhi, huyu akisifu bei yake, yule akimponda mwenzake. Alfredi alikwisha kuuza magunia yake. Zilizobaki zilikuwa korosho za kula nyumbani, naye alikuwa akizichoma uani juu ya debe lililotobolewa matundu. Moshi ulimtoa machozi, lakini mwenyewe alikuwa akipiga mluzi.

Mkewe Scholastika alikaa kwenye kigoda akibangua. Ganda la korosho lina mafuta makali yanayounguza ngozi. Kwa hiyo wote wawili walikuwa wamejipaka majivu mikononi.

Mara binti yao Severina akaingia akitokea shule. Alikuwa kidato cha pili. Siku nyingine angetua mkoba na kukimbilia chungu. Siku hiyo aliketi kizingitini, akafungua kitabu, akazama humo.

"Shikamoo baba, shikamoo mama," alisema bila kuinua macho.

"Marahaba," alijibu Alfredi. "Hicho ni kitabu cha somo gani, mpaka umesahau kula?"

"Si cha somo, baba. Ni cha hadithi. Nimeazima maktaba."

"Hadithi!" Alfredi alikitupa chini kijiti chake cha kukorogea korosho. "Mimi nakusomesha kwa jasho, kumbe unaniletea hadithi? Kwenye mtihani utaulizwa hadithi?"

"Hebu mwache mtoto, Baba Severina," alisema Scholastika. "Mwanangu, tusomee na sisi. Kama ni upuuzi tutausikia."

Severina akasoma kwa sauti. Palikuwa na kijiji kisicho na maji. Wanawake walitembea mwendo mrefu na ndoo kichwani. Alfredi aliguna, maana hilo alilijua vizuri. Mtu mmoja aitwaye Petro akaamua kuchimba kisima. Watu wakamcheka, hasa jirani yake aliyegombana naye kwa ajili ya shamba. Petro akazidi kuchimba, akishuka na kupanda kwa kamba, na udongo akiuvuta juu mwenyewe. Siku moja, akiwa chini kabisa, kamba ikakatika. Hapo hapo maji yakaanza kububujika miguuni mwake.

"Maji yamepatikana!" Scholastika alipiga vigelegele.

"Wee mwanamke, mtu atafia humo!" alifoka Alfredi. "Soma, Severina!"

"Maji yakamfika magotini. Yakamfika kiunoni. Petro akapiga kelele, lakini juu hapakuwa na mtu. Mara akatokea yule jirani. Mkononi ameshika kamba."

Severina akafunua ukurasa. Palikuwa na picha.

Alfredi hakuweza kuvumilia. Zamani alisoma kisomo cha watu wazima, akapewa na cheti. Tangu hapo hakuwa amesoma kitu zaidi ya maandishi ya kwenye magunia. "Lete nione!" alisema, akakinyakua kitabu. Kidole chake kikafuata mstari. "Ji-ra-ni a-ka-i-na-ma..."

"Baba, mikono!"

Severina alikuwa amechelewa. Doa la mafuta ya korosho, jeusi na pana, lilikuwa limeenea ukurasani. Alfredi akachota majivu haraka. Akasugua ukurasa kama anavyosugua vidole vyake kila siku. Doa halikutoka. Karatasi ndiyo iliyochubuka, na mstari mzima ukapotea.

Severina akaangua kilio. "Baba, umefunga maktaba!"

"Mimi? Nimefungaje?"

Severina akaeleza huku akifuta machozi. Miaka yote vitabu vya maktaba vilikaa ndani ya kabati la kioo. Vilifutwa vumbi, vikaonyeshwa wageni, basi. Kisha akaja Mwalimu Julia kutoka Bukoba. Yeye ndiye aliyemwomba Mkuu wa shule wanafunzi waviazime. Mkuu alikubali kwa majaribio tu. Alisema kitabu kimoja kikiharibika, kabati litafungwa na ufunguo utakaa kwake.

"Wenzangu wanakisubiri hiki hiki, baba. Nitawaambia nini?"

Alfredi aliona aibu. Aliitazama mikono yake kana kwamba ni ya mtu mwingine. "Usiwaambie kitu," alisema. "Mkono ulioharibu ni wangu. Kesho nitakwenda mwenyewe."

Asubuhi alipanda baiskeli, kitabu kikiwa kimefungwa ndani ya kanga ya Scholastika. Alipofika shuleni alielekezwa maktaba. Wanafunzi walikuwa wameketi kwenye mkeka, wametulia tuli. Msichana mmoja alikuwa amesimama akiwasimulia kitabu alichokuwa amekimaliza. Alisimulia mpaka pale chui alipoingia ndani ya nyumba. Kisha akanyamaza, akaketi.

"Aa! Malizia!" wenzake walipiga kelele. Watano wakakimbilia meza ya mwalimu ili wakiazime kitabu hicho.

Mwalimu Julia alimwona mgeni, akamsogelea akicheka. "Shikamoo baba. Umeona? Hapa hatumlazimishi mtu kusoma. Anayerudisha kitabu huwasimulia wenzake, ila anakatisha panapokolea."

"Marahaba, mwalimu. Lakini hadithi zitamsaidia nini binti yangu kwenye mtihani?"

"Zitamsaidia sana. Mtoto akisoma hadithi nyingi, anakutana na maneno mengi. Akiandika insha, maneno yanamjia yenyewe. Akisoma swali, analielewa upesi. Anayesoma kwa raha hachoki, na asiyechoka anasoma zaidi."

Alfredi akafungua kanga, akaeleza yote, hata habari ya majivu. Mwalimu Julia akatazama ukurasa.

"Doa haliui kitabu, baba. Hiki bado kinasomeka. Siku nyingine msomaji anawe mikono kwa sabuni na kuikausha kwanza. Kitu kikimwagika, asisugue. Agandamize taratibu kwa kitambaa kikavu. Na mimi nina kosa langu. Ilifaa nikiwekee kitabu jalada la karatasi ngumu, hata ya mfuko wa saruji, na niwafundishe watoto kabla ya kuazima. Lakini mwenye uamuzi ni Mkuu. Twende."

Mkuu wa shule, Mwalimu Mathias, alikiona kitabu akakunja uso. "Nilisema nini, Mwalimu Julia? Nipe ufunguo wa kabati."

Mwalimu Julia akautoa mfukoni. Akampa.

"Mkuu, naomba neno moja," alisema Alfredi. "Kosa ni langu, si la mtoto. Nilikishika kwa sababu nilishindwa kujizuia. Mtu yuko chini ya kisima, kamba imekatika, na maji yanapanda!"

"Kisima gani?"

Alfredi akamsimulia. Alisimulia kwa mikono na kwa macho. Mkuu akauweka ufunguo mezani, akaegemea kiti.

"Halafu?"

"Maji yakamfika kiunoni, Mkuu. Akatokea jirani yake, yule waliyegombana. Mkononi ameshika kamba. Akainama..."

"Akamtupia?"

"Sijui, Mkuu. Hapo ndipo nilipotia doa."

Mkuu akakohoa. Akakivuta kitabu karibu yake. "Kibaki hapa. Nitakwenda kuchunguza uharibifu wake nyumbani."

Asubuhi iliyofuata Alfredi alirudi. Hakuweza kukaa shambani bila kujua. Alisimama nyuma ya wanafunzi waliopanga mstari. Severina alikuwa mbele.

Mkuu akakiinua kitabu. Sasa kilikuwa na jalada la karatasi ngumu ya kahawia. Akakifungua.

"Doa hili ni la korosho," alisema. "Ni la Baba Severina, na alikuja mwenyewe kuniambia." Kisha akafunua kurasa za mwisho. Palikuwa na alama ya kikombe, mviringo mzima. "Na hili ni la chai. Ni langu. Nilikuwa nasoma, sikutazama nilipokiweka kikombe."

Kisha shule nzima ikalipuka kwa kicheko, na Mkuu mwenyewe akacheka.

"Kitabu kisicho na doa hata moja, pengine hakijasomwa," alisema. "Vitabu vyote viwekewe majalada. Beseni la maji na sabuni vikae mlangoni mwa maktaba. Na anayetaka kumwazimia mzazi wake, aazime." Akamkabidhi Mwalimu Julia ufunguo.

"Mkuu!" Alfredi alipaza sauti kutoka nyuma. "Petro alitoka?"

"Baba Severina, hapa tunakatisha panapokolea. Wa kwanza kwenye foleni ni wewe. Kanawe mikono!"

Alfredi alinawa mpaka viwikoni. Siku hiyo korosho hazikubanguliwa. Alikaa kwenye kigoda akasoma mwenyewe, polepole, huku Scholastika akimhimiza na Severina akimsaidia maneno magumu. Furaha aliyoipata siku hiyo ilizidi ile ya siku aliyopewa cheti cha kisomo.

Insha ya Severina ya mwisho wa muhula ilisomwa mbele ya darasa. Wageni walipokuja shuleni, Mkuu aliwapeleka kwenye kabati la kioo kama kawaida yake. Vitabu vilikuwa vimebaki vichache tu. Mkuu akaonyesha nafasi zilizokuwa tupu kwa fahari, akawaeleza kila kitabu kipo nyumbani kwa nani.