Niuzie na Mkono

Jirani yetu kinyozi, tuliyemwita Wembe kwa ukali wa ulimi wake, alikuwa amechoka kunyolea kwenye viti vya watu. Alitaka duka lake. Kaka yake alimshauri aanze na kibanda kidogo, kiti kimoja na kioo kimoja, wateja watakuja taratibu.

"Haba na haba hujaza kibaba," kaka alimwambia.

"Shemeji yako yuko karibu kujifungua, kaka. Huyo mtoto atangoja kibaba kijae?"

Akanunua saluni ya kinyozi aliyefariki. Viti vilikuwepo, vioo vilikuwepo, na wateja walikuwa wa miaka mingi. Mjane alisita kumkabidhi funguo.

"Watu hawa walifuata mkono wa marehemu, mwanangu. Sijui kama watabaki."

"Basi niuzie na huo mkono, mama," Wembe akatania.

Mjane hakucheka. "Umesema mwenyewe," akanong'ona, akaondoka bila kuaga.

Asubuhi ya kufungua, duka lilijaa. Wembe alifurahi mno. Mzee wa kwanza aliketi, akafumba macho, akasema, "Kama kawaida."

Wembe hakuijua hiyo kawaida. Alitaka kuuliza, lakini mashine ilikuwa imeshawaka. Ilikuwa kwenye mkono wake wa kushoto, na yeye tangu azaliwe hakuwahi kushika hata kitana kwa kushoto.

Mkono ulinyoa vizuri kuliko yeye anavyojua kunyoa. Mwishoni ukachora mstari mwembamba nyuma ya sikio. Mzee akajipapasa, akatabasamu.

"Mkono ni uleule."

Wembe akatazama benchi la wanaosubiri. Kila mmoja wao alikuwa na mstari nyuma ya sikio. Hapo hofu ikamwingia kwelikweli. Akajaribu kuweka mashine mezani. Vidole vikakataa. Mteja wa pili akaketi. Kisha mwingine. Hakuna aliyemtazama usoni. Wote waliutazama mkono.

Mchana wateja wakaisha, na umeme ukakatika. Mashine ikanyamaza. Mkono haukushuka. Ulifungua droo, ukatoa wembe wa marehemu. Wembe mwenyewe alitaka kupiga kelele, sauti haikutoka. Miguu ikampeleka hadi kwenye kiti. Akaketi. Baada ya hapo hakumbuki kitu.

Alirudi nyumbani jua halijazama.

"Lile duka nalifunga, mke wangu. Naanza upya na kibanda, hata kama ni kiti kimoja."

Mkewe alikuwa akimtazama kichwani. "Nani amekunyoa?"

"Hakuna. Kinyozi hajinyoi, wewe hujui?"

Mkewe akamgeuza shingo polepole. Nyuma ya sikio palikuwa na mstari, na damu yake bado mbichi.

Funguo alimrudishia mjane. Kibanda nacho alikianza kweli, ananyolea mkono wake wa kulia, na wateja wanakuja mmoja mmoja. Mkewe alijifungua salama mtoto wa kiume mwenye nywele tele.

Mkunga alimfuta mtoto, akamgeuza, akauliza kwa sauti ya chini nani amemnyoa nyuma ya sikio.