Ombi la Kitanda cha Dirishani

Usigeuze uso. Unamjua yule anayekula peke yake mwisho wa meza, na kila siku unajifanya umezama kwenye sahani yako. Umempita mara ngapi? Basi kaa usome, maana hii inakuhusu.

Kila asubuhi, kengele ikilia, Kinanda ndiye aliyetangulia kuamka bweni la pili. Alitandika kitanda, akapiga deki sehemu yake, kisha akakimbilia chumba cha ibada kupanga viti. Jina hilo alilipata kwa sauti yake. Akianzisha wimbo, hata wapishi walisimamisha miko. Alikuwa na miaka kumi na mitatu tu, na tayari aliongoza maombi katika umoja wa wanafunzi Wakristo wa shule. Alijiona amefika.

Muhula wa pili alikuja mwanafunzi mgeni, akapewa kitanda cha chini, karibu na dirisha. Hakucheka wala kuuliza kitu. Kinanda alimzoea taratibu, akamwonyesha bomba lisilokatika maji, akamsaidia kukamua shuka. Siku moja, wakianika nguo, mgeni alisema huku akitazama vibanio, "Dada, mama yangu yuko gerezani. Hapa hakuna anayejua ila wewe."

"Neno hilo limefika kwangu, mdogo wangu. Halitoki."

Ijumaa, wakati wa kutoa mahitaji ya kuombewa, Kinanda alisimama. Alikuwa na huruma ya kweli. Ila alipenda pia namna chumba kilivyonyamaza kila aliposimama.

"Wapendwa, sitataja jina. Tumkumbuke mwenzetu wa bweni la pili, kitanda cha chini, dirishani. Mama yake yuko gerezani."

Watu waliguna, wakafumba macho, wakaomba kwa sauti kubwa. Kinanda alipofumbua macho, kiti cha mgeni kule nyuma kilikuwa kitupu.

Kufikia chakula cha jioni, shule nzima ilikuwa na habari hiyo. Msumari, msichana mwenye ulimi wa kuchoma, alipaza sauti kwenye foleni, "Jamani, fungeni makabati! Mtoto wa gereza kapita!" Wakacheka. Na wale waliofumba macho kuomba, nao wakacheka.

Siku tatu mgeni hakula cha maana. Siku ya nne alifunga sanduku, akaenda ofisini kuomba arudishwe kwa bibi yake. Huko hakukuwa na shule. Kurudi kulikuwa ndio mwisho wa masomo.

Kinanda alikimbia kwa mwalimu mlezi, machozi yakimtoka.

"Mwalimu, mimi sikutaja jina!"

"Kitanda ulikitaja?"

"Ndiyo."

"Na dirisha?"

"Nalo, Mwalimu."

"Yeye alikutuma uwatangazie watu?"

"Hapana, Mwalimu. Nilitaka aombewe."

"Ungemwombea wewe, kimya kimya. Mungu si kiziwi."

Jioni ile ile Kinanda aliuomba umoja ukutane. Alisimama mbele yao, akasema, "Niliaminiwa neno, nikalitoa. Nililiita sala, kumbe ulikuwa umbea. Mwenye kucheka, anicheke mimi. Uongozi nauacha leo." Msumari alitazama sakafu.

Kisha alimfuata mgeni, aliyekuwa amekaa juu ya sanduku lake. "Nisamehe, mdogo wangu."

Mgeni aliinuka kwenye sanduku. "Nitabaki, dada. Mwalimu amenisihi, na mama anataka nimalize shule. Ila mimi na wewe tuishie hapo."

Akahamia bweni la kwanza. Wakikutana njiani alisalimia vizuri, basi. Hiyo ndiyo iliyomuuma Kinanda kuliko matusi.

"Ataniamini tena lini, Mwalimu?"

"Labda mwakani. Labda kamwe," mwalimu mlezi alijibu. "Sauti nzuri ulizaliwa nayo, binti yangu, haikukugharimu kitu. Anayetaka kuwatumikia wenzake lazima awe na kifua. Asikie, atunze, na amwendee aliyeumia hata kama hakuna anayemtazama. Mtendee wema bila kudai akurudie. Huduma ndiyo hiyo."

Nawe, yupo mtu ambaye siri yake uliitoa nje, kwa kicheko au kwa sala. Jina lake limekujia sasa hivi. Funga kitabu, simama, nenda ukamwombe radhi. Kesho huenda asiwepo.