Siku Mapafu Yote Mawili Yanapolala

Mji wa Utulivu, chini ya udongo wa Mwezi, ulipumua kwa Mapafu mawili. Kila Pafu lilikuwa mtambo mkubwa kama uwanja wa mpira, likisafisha hewa ya watu elfu tisa. La Kwanza lilipumzika kila siku ya kumi na tatu, la Pili kila ya kumi na saba. Mhandisi Nyamizi ndiye aliyezichagua namba hizo, na alijivunia.

"Ni namba tasa," alipenda kueleza. "Hazigawanyiki ila kwa moja na kwa zenyewe. Ndiyo maana mapumziko yao hukutana mara moja tu katika siku mia mbili ishirini na moja."

Leo yalikutana. Watu walivuta hewa ya ghalani, na milango ya Mapafu, ambayo haifunguki mtambo ukiwa kazini hata kwa mtunzaji aishiye ndani, ilikuwa wazi yote miwili.

Ukumbini Nyamizi alimkuta Shaweji, mtunzaji wa Pafu la Kwanza, ameketi na mkewe Mwanakheri, mtunzaji wa la Pili. Binti yao Tunu, wa miaka mitatu, aliishi na mama. Baba alimwona kwenye kioo cha mawasiliano, kila jioni.

"Mhandisi, zibadilishe," Shaweji aliomba. "Weka kumi na mbili na kumi na nane. Tutakutana kila siku ya thelathini na sita."

"Na ghala hujaa kwa miezi saba, ndugu yangu. Tutavuta nini?"

Shaweji akamnyooshea Tunu mikono. Mtoto akajificha nyuma ya kanga ya mama yake.

"Shikamoo, mgeni," alisema. "Mama, washa kioo tumwonyeshe Baba mgeni."

Nyamizi aliona aibu, akainamisha kichwa.

"Iko kanuni nyingine," alisema hatimaye. "Mume na mke wasikae Pafu moja, ajali isije ikamaliza familia nzima. Niliiandika mimi. Naweza kuifuta."

"Na ajali ikitokea?" Shaweji aliuliza.

"Baba Tunu," Mwanakheri alisema taratibu, "kwani hii ni nini?"

Kanuni ikafutwa. La Pili likapewa mtunzaji mwingine, na mlango wa Pafu la Kwanza ukafungwa wote watatu wakiwa ndani.

Jioni, saa ya mazungumzo ilipofika, Tunu alisimama mbele ya kioo kisichowaka, akimlilia Baba. Shaweji alikaa sakafuni nyuma yake, akangoja ageuke.