Aliyeitwa Mara Tatu

Kizimba cha mahakama kilikuwa kimelowa asubuhi ile, na Homa Bay haikuwa imeona tone la mvua tangu mwezi uliopita. Karani Nyabuto aliyapangusa maji kwa kitambaa, akanusa kidole. Yalinuka omena, dagaa wa ziwani.

Hakimu Jerusha Robi hakujali. Alikuwa Mkuria kutoka upande wa Migori, aliyefika kwenye kiti kile kwa jasho lake huku wanaume wakingoja ateleze, na mwaka ule wa 1996 mji mzima ulimwita mama wa karatasi. Ungemwambia jua limechomoza, angekuuliza shahidi wako ni nani.

Siku hiyo ilitajwa kesi ya Cliff Owaga, kijana wa Rusinga aliyeshtakiwa kuiba nyavu kisiwani Remba, kisha akaachiliwa kwa dhamana. Mama yake, Orpah, akasimama.

"Mheshimiwa, Cliff alikufa maji. Mwili haukupatikana. Tulizika yago."

Yago ni tunda refu la mti wa porini. Ziwa likimmeza mtu lisimrudishe, Wajaluo hulizika hilo badala yake, roho ipate kurudi kwao. Na ukoo wa Orpah ulikuwa na mwiko juu ya hapo: ukishazika tunda, usimwite tena mtu huyo kama anayengojewa. Jerusha hayakuwa ya kwao hayo, wala hakuuliza.

"Cheti cha kifo kiko wapi?"

"Hakuna, mheshimiwa."

"Basi mahakama haijui kama amekufa. Karani, mwite."

Nyabuto alisita. Mwishowe akaenda mlangoni, akaliita jina nje mara tatu, kama anavyoitwa kila mshtakiwa asiyeonekana.

"Niko, mheshimiwa," sauti ikajibu kutoka kizimbani.

Kizimbani hapakuwa na mtu. Watu walitimka wakiacha viatu. Jerusha akasema neno alilolizoea: "Kesi imeahirishwa."

Hapo ndipo alipojichimbia kaburi, kwani mshtakiwa akiambiwa arudi, hurudi. Kila kesi ilipotajwa, sauti iliitika, kizimba kikachuruzika maji, naye hakimu akaahirisha kwa woga. Orpah peke yake hakukimbia. Alikaa benchi la mbele na gauni lake la kanisani, uso umechangamka.

Kisha Cliff akamfuata hakimu nyumbani. Jioni moja binti yake wa pekee, Emmaculate, aliweka kikombe cha uji chini akasema, "Mama, kuna mtu mlangoni. Anauliza kesi yake ni lini."

Tangu jioni hiyo mtoto akaanza kukohoa, akakohoa hata akatapika maji yenye magamba ya samaki, na madaktari wakapima kifua wakasema ni safi, na harufu ya ziwa ikaingia kwenye mashuka na kwenye unga na kwenye nywele za mtoto, na nyayo zilizolowa zikawa zinatoka mlangoni kila jioni zikisogea, leo sebuleni, kesho ukumbini, hata zikafika kando ya kitanda na kutulia hapo, zikingoja.

Jerusha akavuka kwenda Rusinga. Alimkuta Orpah akianika omena.

"Mama Orpah, mtoto wangu anakufa. Nifanye nini?"

Orpah hakuinua macho. "Ni wewe ulimwita. Ukimwachilia, ataenda." Kisha akamshika mkono. "Lakini usimwachilie, mheshimiwa. Ahirisha tu. Mimi sikuzika nyathina, nilizika tunda. Ni kwako peke yake nasikia mtoto wangu akiongea."

Jerusha alilia njia nzima ya kurudi. Angekuwa yeye, angeomba vivyo hivyo.

Kesi ikatajwa.

"Niko, mheshimiwa."

"Ahirisha," Orpah alinong'ona. "Mara hii tu."

Jerusha alimfikiria Emmaculate kitandani. "Cliff, mahakama imeamini kwamba umekufa. Nisamehe. Kesi imefungwa. Nenda, mwanangu."

Nyayo zikatoka kizimbani, zikafika benchi la mbele, zikasimama. Orpah akainama akaweka kiganja juu ya maji yale. "Dhi maber, nyathina," akamuaga mwanawe. Nyayo zikaelekea mlangoni.

Emmaculate alipona. Jerusha akahamishiwa Migori, akapanda cheo, na hakuruhusu tena jina la mtu kuitwa kabla hajauliza kwao wanasemaje.

Orpah aliendelea kuja Homa Bay, na gauni lile lile. Siku moja watu walipotoka, alimwomba Nyabuto, "Mwite tu, baba. Hata kama ni mwiko."

Nyabuto akaenda mlangoni, akaita mara tatu. Wakangoja pamoja. Kizimba kilikuwa kikavu.