Ugonjwa Waliouita Aibu

Kila mwezi Ylva alipoingia katika siku zake, mama yake Majvor aliamka kabla ya wengine. Alitoa mashuka ya binti yake kitandani, akayafua kwa maji baridi, kisha akayaanika ndani ya sauna, kibanda chao cha kuogea kwa mvuke. Kamba ya nje ilionekana kutoka njiani, naye hakutaka jirani aone. Hata bibi yake Ylva alifanya vivyo hivyo zamani. Wanawake wa ukoo wao walitoka damu nyingi, na jambo hilo halikusemwa.

Ylva alikuwa na miaka kumi na sita. Hedhi yake ilipita wiki nzima, na pedi haikuhimili hata kipindi kimoja cha darasani. Uso ulikuwa umempauka. Akigongwa kidogo tu, ngozi ilivilia damu. Akilalamika, Majvor alimwambia, "Ndio uanamke huo. Vumilia, usiwatangazie watu."

Mkesha wa sikukuu ya kiangazi, watu wa kisiwa chao, katika visiwa vya Åland, kaskazini ya mbali, walikusanyika kwa jirani yao Tyra, aliyewahi kuuza tiketi za feri. Walifunga majani na maua ya kupamba mlingoti unaosimamishwa sikukuu hiyo, kisha wakanywa kahawa kwa keki ya iliki. Ylva aliinuka kukusanya vikombe. Kwenye kiti chake cheupe palikuwa na doa jekundu.

Macho yote yaligeukia kiti. Majvor alihisi uso wake ukiwaka.

"Huyu mtoto na sharubati yake," alisema kwa sauti. "Hajui hata kushika gilasi."

Mezani hapakuwa na sharubati, na kila mtu aliliona hilo. Ylva alimtazama mama yake, akatoka kwa mlango wa nyuma. Nyumbani Majvor alimgombeza kwamba hajui kujitunza. Ylva akajifungia chumbani. Hakwenda kuona mlingoti ukisimamishwa, wala hakurudi kwenye kibanda cha aiskrimu alikofanya kazi wakati wa likizo.

Sikukuu ilipopita, Majvor alibeba ndoo na sabuni hadi kwa Tyra. Kiti kilikuwa kimeshaoshwa. Tyra alimwambia akalie hicho hicho, akamuuliza habari za Ylva: hedhi huchukua muda gani, na je, hutokwa damu puani?

"Hayo ni mambo ya ndani, jirani," Majvor alijibu.

"Hata mimi niliambiwa hivyo," Tyra alisema. "Siku moja niling'olewa jino, nikatoka damu mpaka nikazimia. Ndipo nilipojua kuwa naumwa. Katika damu kuna kitu kinachosaidia kuziba jeraha. Sisi wagonjwa tunacho kidogo, au hakifanyi kazi sawasawa. Unaitwa ugonjwa wa von Willebrand. Mtu huzaliwa nao, akiurithi kwa baba au kwa mama, awe mwanamume au mwanamke. Si uchafu, Majvor. Na una dawa."

Majvor alikumbuka alivyomzaa Ylva. Damu haikukatika, akaongezewa ya watu wengine. Hakuuliza sababu, kwa kuwa aliona haya kuuliza. Sasa haya nyingine ilimshika, nzito kuliko ile ya kiti. Mwanawe alikuwa akiumwa, naye alikuwa akimnyamazisha.

Tyra alimpa namba ya simu ya chama cha watu wenye magonjwa ya damu. Huko walimwelekeza hospitali yenye wataalamu. Mama na binti wakapanda feri, wakapimwa damu. Baadaye wakapimwa tena, maana kiasi cha kile kitu hupanda na kushuka. Wote wawili walikuwa na ugonjwa.

Muuguzi alimpa Ylva vidonge vya kupunguza utokaji wa damu katika siku nzito, na vingine vya madini ya chuma, kwa kuwa damu ilikuwa imempungua. Alimwonya asimeze aspirini wala dawa za maumivu za jamii hiyo bila kumuuliza daktari. Aliwapa kadi zinazotaja ugonjwa wao, za kuonyesha kabla ya kung'olewa jino, kupasuliwa au kujifungua.

Wakirudi kwa feri, Majvor alimshika binti yake mkono.

"Nilikuaibisha mbele za watu ili nisiaibike mimi. Nisamehe, mwanangu."

"Nilidhani mimi ndiye mchafu, mama," Ylva alisema. "Miaka yote hii."

Hakusema kwamba amesamehe. Lakini hakuuondoa mkono wake.

Lilibaki jambo moja. Dada yake Majvor, Gunnel, alikuwa na binti mjamzito huko bara. Majvor alishika simu, akaiweka, kesho yake tena hivyo hivyo.

"Usipompigia wewe, nampigia mimi," Ylva alisema.

Majvor akapiga. Gunnel alisikiliza mpaka mwisho.

"Binti yangu hutokwa damu puani tangu utotoni," alisema. "Nami nilimwambia asiseme."

Binti huyo alipimwa, akakutwa nao. Alipojifungua, madaktari walikuwa tayari na dawa. Damu ilitoka, ikazuiwa. Mtoto na mama yake walikuwa salama.

Hedhi ya Ylva ilipungua, akarudi kazini. Majira ya vuli alikwenda na mama yake kwenye mkutano wa chama. Watu walieleza wazi mambo ambayo kwao hayakusemwa kamwe. Zamu ya Majvor ilipofika, alisimama huku uso ukimwaka.

"Naitwa Majvor," alisema. "Ninao ugonjwa huu, na binti yangu anao. Huyu hapa."

Ylva akamsogezea kiti.